Akiba Isiyo na Msimu

Mhadhara kwa wakazi wa Kanja, Kaunti ya Embu

Nimeombwa nizungumze kuhusu nyumba zetu zilizojaa vitu, na namna ya kuvipunguza bila kuumizana. Nitaanza na mahindi.

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2004, watu 317 waliugua huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, na 125 kati yao wakafa. Waliuawa na aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu wake. Wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba wakilinganisha waliougua na majirani wao waliokuwa wazima, na jambo moja likajitokeza: familia zilizougua ziliyaweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba za kuishi. Mavuno yalikuwa haba, watu wakahofia wezi, ghala la nje likaachwa, na magunia yakaingizwa ndani ambako hakuna upepo.

Tunasema akiba haiozi. Mimi nimeirithi methali hiyo kama ninyi, na siko hapa kuibeza. Lakini akiba ile ilioza, na ikaua watoto. Waliokuwa wameiweka walifanya kile kile tulichofundishwa sote: kitu kikiwa haba, kiweke karibu nawe. Kilichokosekana ni mtu wa kukigeuza, kukianika, kukiuliza hali yake. Nitalishika jambo hilo hadi mwisho wa mazungumzo yetu, kwa sababu naona ndilo linalozisumbua nyumba nyingi za Kanja, zenye mahindi na zisizo na mahindi.

Kwanza tuwatendee haki wazazi wetu. Bibi wa miaka 80 leo alikuwa mtoto mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilipoamuru watu watoke kwenye mashamba yao na kuingia vijiji vya Hali ya Hatari. Kufikia mwisho wa 1955, watu zaidi ya milioni 1 wa Ukikuyu, Embu na Meru walikuwa wamesukumwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba nyingi ziliteketezwa nyuma yao. Mtoto aliyeona chungu cha mama yake kikiachwa hivyo hahitaji kufundishwa na mtu kwamba kitu kilicho mkononi leo kinaweza kesho kisiwepo. Baadaye ikaja baridi kali iliyoua kahawa ya Brazili mwaka 1975, bei ikapanda hadi kilele cha 1977, na katika vilima hivi fedha zikaonekana: mabati, redio, baiskeli. Kisha ukaja ukame wa 1984, na foleni za mahindi ya manjano kutoka nje. Mtu aliyepitia yote hayo katika umri mmoja, akiweka kamba kuukuu kwenye msumari nyuma ya mlango, ana historia nyuma yake. Msimcheke.

Hata hivyo, tusiikimbilie historia hiyo kama jibu la kila kitu. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Randy Frost, na mwenzake walichapisha uchunguzi mwaka 1993. Walitarajia kukuta kwamba wanaolimbikiza vitu kupita kiasi ni watu waliokulia katika ufukara. Hawakukuta hivyo. Walichokiona, na ambacho tafiti zilizofuata zimekitilia nguvu, ni mtu anayepata shida kubwa ya kuamua, anayeogopa kukosea, na anayekishika kitu kana kwamba ni sehemu ya mwili wake. Mara nyingi msiba au pigo fulani la maisha limo katika hadithi yake. Tabia yenyewe huanza mapema, aghalabu kabla ya mtu kufika miaka 20, na huzidi kadiri umri unavyosonga. Wapo matajiri wanaolimbikiza. Huko New York, kati ya Machi na Aprili 1947, ndugu wawili wa ukoo wa Collyer walikutwa wamekufa ndani ya nyumba yao, mmoja ameangukiwa na marundo yake mwenyewe, na nyumba ile ikatolewa vitu vya zaidi ya tani 100. Walikuwa wana wa daktari.

Shirika la Afya Duniani liliiweka hali hii katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kipimo chao ni cha kawaida kabisa, mtu yeyote anakielewa: je, vyumba bado vinafanya kazi viliyojengewa? Jikoni kunapikika? Kitandani kunalalika? Tafiti zilizokusanywa, nyingi zikiwa za nchi tajiri, zinakadiria watu 2 hadi 3 katika kila 100. Kwa hiyo wengi wetu tulioketi hapa si wagonjwa. Tuna nyumba zilizojaa tu, na hizo zina dawa yake.

Sasa nirudi kwenye ghala. Waliokuwa na bibi waliojua kazi wanalikumbuka: limeinuliwa juu ya mawe au miti, limesukwa kuta ili upepo upite, limeezekwa vizuri, na lina mwenyewe, naye ni mama wa nyumba. Hakuna aliyetia mkono humo bila yeye kujua. Alikijua kiwango chake kama anavyojua umri wa wanawe. Mbegu aliitenga mapema, akaitundika juu ya moto ipate moshi. Na lilikuwa na kalenda. Eneo hili lina mvua mbili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na kwa hiyo mavuno mawili. Kabla ya mavuno mapya kuingia, ya zamani yalitolewa, sakafu ikafagiwa, kilichotobolewa na wadudu kikatengwa kiwe cha kuku. Mara mbili kwa mwaka mama yule alilazimika kuangalia kila alichokiweka na kukitolea uamuzi. Alihifadhi kuliko sisi, tena sana, na nyumba yake haikujaa.

Sisi tumejenga stoo. Stoo haina mvua mbili.

Nitawaelezea moja. Mwenyewe ameniruhusu, na sitasema ni ya nani wala iko upande gani. Ni chumba cha mbao kilichojengwa kiwe cha wageni. Mlango unafunguka nusu. Ukiingiza kichwa, harufu inakupokea, ya dawa ya kahawa iliyochanganyika na mkojo wa panya. Mkono wa kushoto ni mikebe ya mafuta ya kupikia, mmoja ndani ya mwingine hadi darini, ile mikubwa tunayoiita gorogoro na mingine midogo. Kulia kuna televisheni ya Greatwall ya rangi nyeusi na nyeupe, na chini yake betri ya gari iliyokuwa ikiiendesha, vichwa vyake vimeota unga wa kijani. Juu ya televisheni, vitabu vya shule ya msingi vya watoto watano. Halafu mafungu ya risiti za kiwanda cha kahawa yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Chupa tatu za chai zilizovunjika kioo cha ndani. Mashati ya marehemu baba, bado yako kwenye hanga. Na kule mwisho, ukutani, pampu ya kubeba mgongoni na makopo manne ya dawa ambayo karatasi zake zimeliwa na mende, hujui ipi ni ya nini.

Nilimwuliza mama mwenye chumba kuhusu chupa za chai. Akanijibu, "Mifuniko ni mizima."

Na kweli ilikuwa mizima. Hakuna kitu katika chumba kile kilichoingia bila sababu, na ukikaa na mama utasikia sababu hizo moja moja, zote za busara. Ila kila sababu ilikuwa na siku yake ya kuisha, na siku hiyo ilipita bila mtu kuiona. Televisheni ile ilikoma kuwa televisheni mwaka 2015, mitambo ya analogia ilipozimwa; bila king'amuzi haionyeshi chochote. Vitabu vya darasani vilikoma mwaka 2023, mtihani wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulipofanywa, kwa kuwa watoto wa leo wanasoma mtaala mwingine. Kamusi, atlasi na vitabu vya hadithi havikukoma. Hivyo tulivitoa vikaenda kwa mtoto anayevihitaji. Chupa za chai zilikoma siku ile ile zilipovunjika.

Mfano mkubwa wa akiba iliyopitwa na siku yake tuliuona nchi nzima. Tarehe 1 Juni 2019, wakati wa sherehe za Madaraka huko Narok, Gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza kwamba noti kuukuu za shilingi 1,000 zingekoma kutumika mwisho wa Septemba. Siku ilipofika, noti zaidi ya milioni 7 hazikuwa zimerudi, thamani yake shilingi bilioni 7 na ushei. Huenda nyingine zilikuwa za wizi na wenyewe waliogopa maswali ya benki. Lakini naamini nyingine zilikuwa chini ya godoro la mtu kama mama yangu au yako, mtu mwaminifu aliyeziweka vizuri mno akasahau kuziangalia. Siku ya 1 Oktoba zilikuwa karatasi.

Kwa hiyo ninachowaomba ni kukipa kila kitu kilichohifadhiwa msimu wake. Chukua kitu mkononi, mwenyewe, si mtoto wako wala msaidizi. Jiulize kilitumika lini mara ya mwisho, na kitatumika msimu gani unaokuja. Ukiweza kuutaja msimu, bandika karatasi uandike: kupanda Oktoba, mavuno ya Agosti, arusi ya kitinda mimba. Msimu ule ukipita na kitu hakijaguswa, kimejitolea hukumu chenyewe. Ukishindwa kabisa kuutaja msimu, basi unajua tayari.

Ifanyike pole pole. Yupo mwandishi wa Japani, Marie Kondo, ambaye kitabu chake cha mwaka 2011 kimesomwa dunia nzima, naye anashauri kazi ifanywe kwa mkupuo, upesi na kwa ukamilifu. Kwa kijana mwenye chumba kimoja mjini huenda ikafaa. Kwa mjane wa Kanja mwenye miaka 50 ya maisha ndani ya stoo, siafikiani naye hata kidogo. Mjane huyo anahitaji meza moja. Aanze na njia ya kupita kutoka kitandani hadi mlangoni, maana hapo ndipo mzee hujikwaa usiku, na nyumba zetu nyingi ni za mbao. Moto ukiwaka, njia ile ndiyo roho yake. Kisha meza. Kila siku, muda wa taarifa ya habari redioni, habari zikiisha aache. Ataona ni kidogo. Baada ya mvua moja atashangaa.

Na aanze na vitu visivyo na machozi: chupa, mikebe yenye kutu, nguo zilizoraruka, mifuko ya plastiki ya zamani ambayo tangu marufuku ya Agosti 2017 haifai hata kubebea sukari. Mashati ya marehemu yawe ya mwisho kabisa, na hapo naafikiana na Kondo. Mkono unaozoea kuamua juu ya mikebe hupata nguvu ya kuamua juu ya mashati. Asikimbizwe. Gorogoro mbili tatu abaki nazo, za kupimia. Si lazima abaki na zote.

Upande wa pili ni kuingiza. Wenye majani chai wanajua bonasi hufika yapata mwezi wa kumi, na wachuuzi wanajua hivyo pia. Wanaomtibu mtu wa kulimbikiza, Frost na mwenzake Gail Steketee miongoni mwao, humpa zoezi ambalo mwanzoni linaonekana la kitoto: aende sokoni, akiangalie kile anachokitamani, akishike, kisha arudi nyumbani bila kukinunua. Anarudia hadi ile hamu ishuke yenyewe. Jaribuni kwenye mitumba, hapa au Runyenjes. Mtu aliyezoea kusema "ni bei ya kutupa" agundue kwamba shati la shilingi 50 linadai nafasi sawa na la 2,000.

Karatasi zinahitaji uangalifu wa namna yake, na hapa nawasihi msitupe ovyo. Hatimiliki, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo, vyeti vya mitihani, hukumu yoyote ya kesi ya shamba, mkataba wa kuuziana ardhi pamoja na kibali cha bodi ya ardhi: hivyo havina msimu, vinakaa maisha yote na kurithiwa. Nimeona familia zikisumbuka miaka mahakamani kwenye urithi kwa ajili ya karatasi moja iliyowashia moto jikoni. Stakabadhi za kodi, sheria inataka zitunzwe miaka 5. Risiti za kiwanda cha kahawa za miaka iliyopita, baki na zile zinazoonyesha nambari yako ya uanachama na malipo ambayo bado mnadaiana. Zilizobaki zimemaliza kazi yake. Vinavyobaki vinatosha kwenye sanduku moja la bati lenye kufuli, na angalau mtoto mmoja ajue ufunguo uko wapi.

Vyuma vina wateja, lakini uza kwa mwenye leseni, maana tangu sheria ya mwaka 2015 biashara ya vyuma chakavu haifanywi na kila apitaye na mkokoteni. Betri ya gari usiivunje wala usimpe mtoto achezee. Ndani ina risasi na asidi. Televisheni na simu zilizokufa, wapo wanaozipokea Nairobi kwa kuzivunja kwa njia salama. Kusanyeni kama kijiji, gari moja lizipeleke.

Sasa neno kwa vijana mnaorudi Desemba. Najua nia yenu ni njema. Unafika kutoka Nairobi, unaona mama anapita ubavu-ubavu ndani ya nyumba yake, uchungu unakupata, na asubuhi ya Jumamosi, yeye akiwa kanisani, unawasha moto nyuma ya choo. Jioni nyumba ni safi. Nimekaa na akina mama baada ya moto wa namna hiyo. Wanalia kama waliofiwa, hawamwamini tena mtoto yule, wanafunga milango kwa kufuli, na kufikia Pasaka chumba kimejaa tena, mara nyingi zaidi ya kwanza. Matibabu ya kitaalamu huchukua vikao kama 26, vingine ndani ya nyumba yenyewe, kwa muda wa miezi mingi, na hata hivyo wengi hupata nafuu ya sehemu tu. Wewe unadhani utamaliza Jumamosi moja?

Unachoweza kukifanya ni kubeba. Yeye aketi kwenye kiti, wewe umletee kimoja kimoja. Mkono ni wako, uamuzi ni wake. Akisema kibaki, kibaki, hata kama ni mfuniko wa chupa ya chai. Msikilize anapokusimulia kilikotoka, na kwa kweli usiangalie simu. Mara nyingi mtu hakiachi kitu mpaka kwanza amwambie mwingine kilikuwa nini. Ukimaliza kusikia, muulize swali la msimu, kwa upole, mara moja tu kwa kila kikao. Kuna mama aliyekataa mara tatu, na ya nne akasema mwenyewe, "Mpelekee fundi." Aliyemwuliza kwa subira alikuwa mjukuu wa miaka 12.

Na ikiwa hapapikiki, hapalaliki, mtu amekonda, amejitenga, halali usiku, hataki mgeni mlangoni? Hapo tumetoka kwenye tabia tukaingia kwenye ugonjwa, na mara nyingi sonona imo ndani yake. Majirani watasema amerogwa, au ni bahili. Msiwaachie waendelee. Ongeeni na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chenu, wale waliokabidhiwa mikoba yao Septemba 2023. Wao huenda wakaruhusiwa kuingia ambako ndugu wamekatazwa. Kisha mpelekeni hospitali kuu ya kaunti mjini Embu mkaulizie huduma ya afya ya akili. Mtu akifungiwa mlango siku ya kwanza asiende kusimulia kijiji kizima. Arudi baada ya wiki, peke yake, na kilo ya sukari.

Nimeacha jambo moja kwa makusudi, nalo ni makopo ya dawa yasiyo na karatasi. Hayo hayafuati utaratibu wa pole pole niliousema. Yatolewe kwenye nyumba ya kulala leo hii, yafungiwe mbali na watoto, chakula na mifugo. Yasimwagwe chooni wala mtoni. Maji yetu yote, Ena, Thuci, Rupingazi, yanaishia Tana, na kuna wanaoyanywa huko chini. Yasichomwe. Makopo yaliyo matupu, ambayo dawa yake inajulikana, yasuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yarudishwe ndani ya pampu na kupuliziwa shambani, kisha yatobolewe mtu asije akayatekea maji. Yenye dawa ndani, au yasiyojulikana yalikuwa na nini, mwiteni afisa wa kilimo aje ayaone. Tutaanza maswali na wenye makopo ya namna hiyo nyumbani. Inueni mikono, mmoja mmoja, mniambie yako chumba kipi.